Sauti Chini ya Mashua

Wasikilizaji wetu wa Munyaka, shule zikifungwa Agosti, baadhi yenu mtateremka Pwani. Mkipanda mashua Watamu, huenda mkasikia sauti zikipenya mbao kutoka chini: mchachatiko kama wa mafuta ya moto, na pengine mguno mrefu unaopanda na kushuka. Msishtuke.

Mchachatiko ni wa kamba wadogo wanaoishi kwenye matumbawe. Gando lao moja hufumba kwa kasi ya ajabu hata kiputo kikazuka majini, na kiputo kikipasuka ndipo mlio hutoka. Kiumbe wa sentimita chache tu!

Mguno ni wa nyangumi wenye nundu. Kati ya Julai na Septemba huja kwetu kutoka bahari baridi za kusini, kujamiiana na kuzaa. Waimbao ni madume. Majini sauti husafiri takribani mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya kasi yake hewani, na hufika mbali mno. Ndiyo maana mtamsikia nyangumi msiyemwona.

Tafadhali, mkimwona mama na ndama wake, mwambieni nahodha apunguze mwendo na asiwafuate. Kelele za injini huwavuruga wanyama hawa wanaotegemea kusikia.