Sauti Ikikauka Wiki Tatu



Huku kwetu Mbeya na Iringa, baridi ya Juni na Julai inatufungia jikoni na moshi wa kuni. Koo linawasha, sauti inakwaruza. Mara nyingi ni mafua tu, yataisha. Tunywe maji, tusukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, tumbaku tuiache, na sauti tuipumzishe. Kunong'ona siyo kupumzika, jamani, nako kunachosha koo.

Je, wiki 3 zikipita na sauti haijarudi? Hapo ndipo wengine wetu hukimbilia kukata kimeo. Tusikubali. Kimeo siyo ugonjwa. Ni kiungo, kila mtu anacho. Wembe ule unaweza kuleta damu isiyokoma, pepopunda, hata UKIMWI, na wanaokatwa zaidi ni watoto wetu. Halafu kilichokausha sauti kinabaki palepale. Huenda ni kifua kikuu, au saratani ya koo, ambayo ikiwahiwa huweza kutibika.

Twende zahanati, tumweleze mganga tumeanza kuumwa lini. Tukiwa tumekohoa wiki 2, makohozi yapimwe. Dawa za kifua kikuu ni bure. Anayepumua kwa shida au kushindwa kumeza mate asingoje hata kesho.