Mwanakikundi Anapoacha Kuja: Mazungumzo na Vikundi vya Ngoingwa



Leo tunataka kuongea juu ya yule mwenzetu anayeacha kuja. Mnamjua. Kwanza anachelewa, halafu mchango haleti, mwishowe hata mlango hafungui. Sisi tunafanya nini? Tunamtoza faini! Na tukitoka kanisani tunasema imani yake imepungua. Kumbe pengine anaumwa.

Tusome Wafalme wa Kwanza, mlango wa 19. Eliya, akiwa ametoka kushinda pale Karmeli, alikaa chini ya mti akaomba afe. Hakukemewa. Alilala, malaika akamletea mkate na maji, akalala tena, akala tena. Maswali yalikuja baadaye. Na daktari wa akili wa leo ataanza papo hapo: analala? anakula? Wale rafiki za Ayubu nao walikaa naye kimya siku saba, wakafanya vyema. Walipoanza kuhubiri ndipo walipoharibu.

Sasa twende kwa jirani zetu Uganda. Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai ambako ukimwi ulikuwa umeua wengi, World Vision, shirika la Kikristo, liliungana na watafiti wa Marekani katika vijiji 30. Huko watu walikuwa na majina yao ya ugonjwa huu kwa Kiganda: moja maana yake kujichukia, lingine kujihurumia. Viliundwa vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, vikakutana kila wiki saa moja na nusu kwa wiki 16. Viongozi hawakuwa madaktari, jamani. Ni wenyeji waliofundishwa wiki mbili. Mwanzoni watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na ugonjwa wa huzuni. Mwishoni hawakufika 7. Vijiji visivyopewa vikundi vilibaki na kama 55.

Waliongea nini? Waliofiwa, ugomvi wa nyumbani, mambo yaliyowalemea. Kanisa limejua tangu zamani kukaa na waliofiwa. Wataalamu walileta utaratibu na kipimo. Hapo sisi wa kanisa tunafundishwa kwamba si kila huzuni ni dhambi. Nao wataalamu wakumbuke kwamba mtu si dalili tu. Anahitaji kusamehewa na kuwa na watu wake. Kumwombea ni vizuri. Kumwambia aache dawa, hapana kabisa.

Wengine walikuwa wakificha kwa kuogopa polisi, maana aliyejaribu kujiua alishtakiwa kwa kifungu cha 226. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kwa hiyo akisema anataka kufa, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali ya Thika Level 5 siku hiyo hiyo.

Na mkutano ujao, kabla ya kuhesabu pesa, chagueni wawili waende kwake. Wabebe unga. Daftari la faini libaki kwa katibu.