Tufahamu Shairi: Ubeti, Mizani na Vina
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kolwezi)



Leo hatukuja kuongea juu ya likelemba wala mambo ya parsela. Tunaongea juu ya mashairi, na tunaanza kwa kuomba radhi. Mama mmoja wa umoja wetu alituletea maneno aliyotunga juu ya mwanawe aliyebaki njiani wakati wa kukimbia. Siye tunaotengeneza gazeti hili tukamrudishia karatasi yake, juu tumeandika: "Haifuati kanuni." Basi. Kanuni gani? Hatukumwambia. Tangu siku ile hakuna mama hata mmoja aliyetuletea shairi tena. Kosa ni letu. Mtu hujamfundisha jina la kitu, utamlaumu vipi kwamba hakukitumia?

Kwa hiyo tuyaseme hayo majina. Ubeti huu tumeutunga wenyewe kwa ajili ya somo:

Tumerudi mtaani, tumewabeba watoto,
Miaka kumi kambini, usingizi bila ndoto,
Nyumbani kuna mgeni, jikoni kawasha moto,
Tuulizane jamani, tuuvuke vipi mto?

Kila mstari hapo unaitwa mshororo. Mishororo yote minne pamoja ni ubeti mmoja. Koma ya katikati inaukata mshororo vipande viwili: cha kwanza ni ukwapi, cha pili ni utao. Sasa sikilizeni mwisho wa kila ukwapi: mtaani, kambini, mgeni, jamani. Ni "ni" tupu. Hivyo ndivyo vina vya kati. Mwisho wa utao ni watoto, ndoto, moto, mto. Hivyo ni vina vya mwisho.

Mshororo wa nne unafunga ubeti. Ukirudiwa vilevile katika kila ubeti, huo ni kibwagizo, ndio ule ambao watu wote wanaitikia. Usiporudiwa, unaitwa kituo.

Ubeti wa mishororo miwili ni tathnia, wa mitatu ni tathlitha, wa minne ni tarbia, wa mitano ni takhmisa. Majina hayo yana asili ya Kiarabu, yasiwatishe. Ni hesabu tu.

Tufike kwenye mizani, maana ndiyo inayowaogopesha watu. Mizani ni sauti unazozihesabu kwa vidole. Tu-me-ru-di m-ta-a-ni: nane. Tu-me-wa-be-ba wa-to-to: nane tena. Mshororo mzima una kumi na sita.

Hapa vijana huwa wanabishana. Waliosoma kambini Tanzania walirudi na Kiswahili cha darasani, na wanawacheka waliokaa hapa: "Hiki chenu si cha kutungia shairi." Ndugu, tuhesabu kwanza. Wao wanasema m-ge-ni, tatu. Siye Kolwezi tunasema mu-ge-ni, tatu. Wao wa-to-to, siye ba-to-to. Wao ni-me-o-na, siye mi-na-o-na. Mara nyingi mizani haibadiliki. Vidole vinahesabu sauti, havimuulizi mtu alisomea wapi. Gazetini tunaandika kwa namna ambayo wote watasoma, lakini usiache kutunga kwa sababu ulimi wako ni wa Manika au wa Dilala.

Tena Kiswahili cha huku kina heshima yake ya zamani. Mwenda wa Bayeke, mtu wa Bunkeya, ambayo leo iko katika jimbo letu la Lualaba, aliimba kwa Kiswahili na gitaa lake, na sauti yake ikafika mbali sana.

Kuna umbo lingine, utenzi. Mshororo wake ni mfupi, mizani nane tu. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja. Wa nne una kina chake, na hicho ndicho kinarudi mwisho wa kila ubeti mpaka utenzi uishe:

Mama tunakukumbuka,
Njiani ulipochoka,
Mzigo ukaushika,
Hukuwaacha wenzio.

Ubeti unaofuata nao utaishia na "o". Utenzi unafaa kwa habari ndefu: safari, vita, maisha ya mtu, wosia. Kule pwani ya Kenya, mnamo 1858, Mwana Kupona alikuwa mgonjwa, akamtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Alikuwa mama anayetaka maneno yake yabaki kwa mtoto. Mpaka leo yamebaki.

Na kanuni zenyewe? Amri Abedi aliziandika katika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi naye, katika *Kichomi* ya 1974, akatunga bila vina wala mizani, na watu wakabishana sana: ni shairi au si shairi? Siye tunasema, jifunze kuhesabu kwanza. Ukitaka kuacha, uache kitu unachokijua.

Tumalizie pale tulipoanzia. Juma lililopita tulikwenda kwa yule mama, tukamwomba msamaha, tukamwomba pia atuimbie ile karatasi. Alipoimba, mmoja wetu akaanza kuhesabu kwa vidole chini ya meza. Nane. Nane. Nane. Tena nane. Ulikuwa utenzi. Yeye alikuwa ameuandika mfululizo kama barua, bila kukata mishororo, na siye tuliusoma kwa macho tu. Jina la mtoto wake liko mwisho wa kila ubeti, na kina chote kinalifuata hilo jina.

Amekubali tuuchapishe katika toleo lijalo. Hatukubadilisha neno hata moja, tumekata mistari tu.

Wengine wenye karatasi nyumbani, zileteni. Asiyejua kuandika aje aimbe, siye tutaandika.