Gazeti Lisimtangulie Hakimu



Tumeombwa kuzungumza juu ya magazeti madogo ya kaunti zetu na namna yanavyoandika habari za uhalifu, polisi na mahakama. Huenda baadhi yenu mkauliza jambo hili lahusiana vipi na mageuzi. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, Wakenya walirudishiwa haki ya kuunda vyama. Lakini mwananchi hukutana na dola kwenye debe la kura mara moja kwa miaka mitano. Hukutana nayo mara nyingi zaidi barabarani usiku, mkononi mwa askari. Habari ya mkutano huo, ikiandikwa, huandikwa katika ukurasa wa uhalifu. Ukurasa huo ukiwa mwongo, uhuru tulioupata ni wa mchana tu.

Tutazame habari ambayo nyote mmeisoma. Yasema kwamba majambazi watatu wameuawa baada ya kukaidi amri ya kujisalimisha, na kwamba bastola moja na risasi kadhaa zimepatikana. Ni mistari minane na msemaji mmoja, naye ni polisi. Majina ya marehemu hayatajwi. Jirani aliyesikia milio hakuulizwa, wala mama aliyekwenda mochari. Neno jambazi limetumika kana kwamba kesi imesikizwa na hukumu kusomwa, na aliyekufa hawezi kukata rufani.

Washiriki wa kanisa wanakijua kisa cha Nabothi. Barua zilitoka jumbani zikiwa na muhuri wa mfalme, wazee wa mji wakazipokea bila swali, na mtu asiye na hatia akauawa kwa mawe. Muhuri haukuthibitisha ukweli wa barua. Taarifa ya polisi nayo ina muhuri; mwandishi aichukue kama dai la upande mmoja, kisha aende akaulize.

Lugha yetu imetupa maneno matatu ambayo magazeti huyachanganya. Aliyekamatwa ni mshukiwa. Aliyesomewa mashtaka ni mshtakiwa. Mhalifu ni yule tu ambaye mahakama imempata na hatia. Kati ya neno la kwanza na la tatu pana safari ndefu, na Katiba ya 2010 imeilinda. Kifungu cha 49 chataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama ikiwa saa hizo zimeisha mahakama imefungwa. Kifungu cha 50 chamhesabu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo.

Haya si mambo ya mawakili peke yao. Picha ya mshukiwa ikichapishwa kabla ya shahidi kuitwa kumtambua kituoni, shahidi huenda akatambua picha ya gazeti badala ya uso aliouona usiku ule. Hapo asiye na hatia aweza kufungwa, na mwenye hatia akaponyoka kwa sababu ushahidi umechafuliwa. Mnyang'anyi wa kweli hubaki mtaani. Kwa hiyo anayetaka usalama hana budi kutaka habari zilizo sahihi.

Maswali ya kuuliza yapo, na sheria imeyapa nguvu. Tangu 2011 tunayo IPOA, mamlaka huru ya kuchunguza utendakazi wa polisi, na kifo kinachosababishwa na polisi ni miongoni mwa mambo inayopaswa kuchunguza. Mwandishi na aulize: IPOA imearifiwa? Uchunguzi wa maiti umefanywa, na familia ilihudhuria? Tukio limeandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yampa kila raia njia ya kudai majibu kutoka afisi za umma.

Twajua kuuliza kuna gharama. Mwaka 1988 jarida la Beyond, lililochapishwa na Baraza la Makanisa, lilipigwa marufuku baada ya kuandika juu ya uchaguzi wa mlolongo, na mhariri wake akafungwa. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi walitoweka baada ya kutoka mahakama ya Mavoko. Miili yao ikapatikana mtoni siku chache baadaye. Mteja huyo alikuwa amemlalamikia afisa wa polisi aliyempiga risasi. Kesi ilichukua miaka sita. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia maafisa watatu wa polisi na raia mmoja, na Februari 2023 wakaadhibiwa. Afisa mwingine aliyeshtakiwa pamoja nao aliachiliwa. Gazeti lililoandika kukamatwa kwake lilikuwa na deni la kuandika kuachiliwa kwake kwa herufi zilezile. Askari naye ana haki ya kutohukumiwa na kichwa cha habari.

Wala hatusemi wanaoporwa wasisikizwe. Mama aliyenyang'anywa mapato ya siku akitoka sokoni astahili kuandikwa: jina lake likiwa salama kutajwa, mahali, saa, na kama kituo kilipokea ripoti yake au kilimtaka atoe kitu kidogo kwanza. Habari za namna hiyo huonyesha wapi taa hazipo na doria haifiki.

Tuna maombi mawili. Kwanza, mkisoma habari ya kukamatwa, mwandikieni mhariri baada ya miezi mitatu mkamwulize kesi imefikia wapi. Pili, mahakama zetu ziko wazi kwa umma. Kila parokia na kila kikundi kiteue watu wawili wa kuketi mahakamani siku moja kwa juma, wakiandika tarehe, nambari ya kesi na sababu ya kuahirishwa, kisha wampelekee mwandishi wa kaunti. Yeye ni mmoja na mahakama ni nyingi. Asipopata msaada wetu ataendelea kuandika alichoambiwa na kituo.