Kijiji cha New Harmony na Kitabu Kilichochomwa Moto

(Maelezo yaliyotolewa na Mkaguzi wa Ushirika katika semina ya makatibu wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya daftari la wanachama. Natambua kwamba mada hiyo huleta usingizi, hasa saa hizi za baada ya chakula. Kwa hiyo naomba ruhusa yenu nipite njia ya mbali kidogo, nianzie katika kijiji kimoja cha Marekani kiitwacho New Harmony, kilichoko kusini-magharibi mwa jimbo la Indiana, kando ya mto Wabash. Ni kijiji kidogo; hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta wakazi 690 tu. Hata hivyo, katika udogo wake kiliwahi kujaribu mara mbili jambo ambalo sisi wanaushirika tunalitamka kila siku, yaani watu kuunganisha nguvu na mali zao.

Waliokijenga walikuwa Wajerumani wakulima na mafundi waliomfuata mhubiri wao, George Rapp, kutoka Württemberg. Mwaka 1805, wakiwa bado katika jimbo la Pennsylvania, walitia sahihi mkataba wa kukabidhi mali zao zote kwa chama. Mwaka 1814 wakahamia Indiana. Mahali pale palikuwa na mabwawa, na malaria ikawapiga vibaya kabla hawajayakausha. Kwa miaka kumi waliyokaa walizika wenzao 230, nao wamelala hadi leo katika makaburi yasiyo na alama yo yote, kwa kuwa waliamini kwamba walio sawa katika uhai wawe sawa katika mauti pia.

Lakini walikuwa watu wa kazi. Katika miaka hiyo kumi walijenga majengo zaidi ya 150, wakapanda mizabibu, wakafuma nguo za sufi na pamba, na bidhaa zao zikauzwa mbali sana kwa njia ya mto. Kazi ya biashara ilikuwa mikononi mwa Frederick, mtoto wa kulea wa Rapp, ambaye kwa hakika alikuwa meneja hodari.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikichague kijiji hiki. Chama kilikuwa na kitabu kilichoandikwa kila mwanachama aliingia na nini. Mwaka 1818 kitabu hicho kilichomwa moto. Sababu iliyotolewa ilikuwa njema: kwamba asiwepo mtu wa kujivuna kuwa alileta zaidi ya mwenzake. Mimi ni mkaguzi, Ndugu zangu, na naungama kwamba kila nikifikiri habari ya moto ule mwili hunisisimka. Kwani mwanachama aliyetaka kuondoka angedai nini, na kwa ushahidi gani? Mwaka 1832, walipokuwa wamekwisha rudi Pennsylvania, kama theluthi moja ya wanachama walijitenga, na chama kikalazimika kuwalipa dola 105,000. Wengine waliojitoa walikwenda mahakamani, na kesi moja ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ikaamuliwa mwaka 1856. Nani atasema kwamba kuchoma kitabu kulileta amani?

Kijiji chenyewe walikuwa wamekiuza mapema mwaka 1825. Mnunuzi alikuwa Robert Owen, ambaye jina lake baadhi yenu mmelisoma katika vitabu vya historia ya ushirika. Owen alikuwa msimamizi na mbia wa kiwanda cha nyuzi huko New Lanark, Uskochi, na alikuwa amepata sifa kwa kuwatendea wafanyakazi kibinadamu na kuwasomesha watoto wao. Alinunua nyumba, mashine na ekari zipatazo 20,000, akatangaza kwamba wenye bidii na nia njema waje. Kabla ya mwaka kwisha walikwisha kuja watu wapatao 800.

Walikuja wema, walikuja wasomi, walikuja pia waliosikia kwamba kuna nyumba za bure. Hapakuwa na kiingilio, hapakuwa na kamati ya kupima maombi. Naye Owen, baada ya kuzindua jumuiya, aliondoka mwezi Juni akarudi mwezi Januari, kijiji akamwachia mwanawe William. Viwanda vilivyoachwa na Wajerumani vilikuwepo, ila mafundi wa kuviendesha hawakutosha. Sabuni na mishumaa vikatengenezwa kupita haja, huku tanuri la vyungu na nyumba ya kutia rangi nguo vikilala.

Mlango huo uliosemwa kuwa wazi haukuwa wazi kwa kila mtu. Katiba ya kwanza, ya Mei 1825, ilisema kwamba watu wa umri na hali zote waweza kuwa wanachama, isipokuwa watu weusi. Sipendi jambo hilo lipitwe kimya, kama linavyopitwa katika baadhi ya vitabu. Mwana mwingine wa Owen, Robert Dale, alikuja kumwandikia Rais Lincoln mwaka 1862 akimhimiza awaweke huru watumwa. Lakini hiyo ilikuwa miaka 37 baadaye.

Mwezi Februari 1826 wakapitisha katiba ya usawa kamili. Ikafuata nyingine, na nyingine. Jumuiya ikagawanyika vipande vipande. Kijijini pale husimuliwa habari ya mtu mmoja, Taylor, aliyekodishwa shamba pamoja na vyote vilivyomo. Usiku wa kuamkia siku ya makabidhiano alikusanya ng'ombe na zana za jumuiya akaviingiza ndani ya mipaka ya shamba hilo. Kulipokucha, mkataba ukawa upande wake. Kufikia katikati ya mwaka 1827 Owen alikuwa ameaga, na sehemu kubwa ya utajiri wake ilikuwa imekwenda na maji.

Wengi husema Owen alishindwa kwa sababu binadamu ni mvivu na mchoyo. Mimi sikubali. Nimekagua vyama kwa miaka mingi, na wanachama wavivu niliokutana nao ni wachache kuliko wanachama wasioandikwa. Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, niliwahi kukuta wakulima wanapiga kura katika mkutano mkuu huku majina yao hayamo daftarini, na wengine waliomo walikuwa wamefariki. Watu wale walikuwa na bidii, ila hakuna aliyejua chama ni cha nani.

Waanzilishi 28 wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwezi Desemba 1844, baadhi yao walikuwa wafuasi wa Owen. Ndoto waliichukua kwake. Lakini wao walianza na hisa ya pauni moja kwa kila mtu, ikilipwa kidogo kidogo na kuandikwa. Vyama vyetu, pamoja na masharti yake, vimetokana na mfano huo.

Nisiache kusema kwamba New Harmony haikufa. Thomas Say, mtaalamu wa wadudu, alibaki pale hadi kufa kwake mwaka 1834, na mwaka 1831 alimweleza kisayansi yule fukusi wa maharage ambaye watunza ghala wenu wanamfahamu mno. William Maclure, tajiri mwenzake Owen, alianzisha mwaka 1838 taasisi ya wafanyakazi yenye maktaba. Katika wasia wake aliagiza kila kikundi cha wafanyakazi wa mikono chenye vitabu 100 kipewe dola 500. Taasisi zaidi ya 140 zilianzishwa Indiana kwa fedha hizo. Zote zimetoweka isipokuwa ile ya New Harmony, ambayo ingali maktaba ya watu wote.

Sasa, Ndugu Makatibu, madaftari mliyokuja nayo yawekwe mezani. Tutaanza na safu ya tarehe ya kujiunga, kisha hisa zilizolipwa.