Kicheko hakihesabiwi na msimamizi wa uchaguzi

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE*
Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa tawi, Kasulu. Wenzetu wa Kibondo mliomba maandishi, haya hapa.



Tumeletewa pendekezo. Kata ambayo hatujapata mgombea wa udiwani, tuandike jina la yule kijana anayechekesha watu sokoni, "fomu ijae, watu wacheke, chama kisikike." Kamati imelijadili. Tunalirudisha kwenu pamoja na sababu zetu.

Waliolileta walitoa mfano wa Mzee wa Ubwabwa. Basi tufungue hesabu. Wakili Hashim Rungwe aligombea urais 2015 kwa CHAUMMA akapata kura 49,256. Mwaka 2020, ubwabwa ukiwa midomoni mwa nchi nzima, alipata 32,878. Jina lilikua, kura zikapungua. Na hatumbezi mzee huyo, kwani kuzungumzia njaa si utani kwa mtu aliyelala bila kula. Tunachosema ni kwamba waliocheka walikuwa wengi kuliko waliompigia.

Sasa rudini nyuma, 2010. Huyohuyo Rungwe aligombea urais kwa NCCR-Mageuzi, akapata kura 26,388 nchi nzima. Ukiishia hapo utasema ni chama cha mzaha. Lakini mwaka huohuo chama hicho kilipata wabunge wanne wa majimbo, wote mkoa wetu wa Kigoma: Machali Kasulu Mjini, Buyogera Kasulu Vijijini, Mkosamali Muhambwe kule Kibondo, na Kafulila Kigoma Kusini. Watu wetu hawakupiga kura zile kwa utani. Na 2015 viti vyote vinne vikaondoka. Hatusemi haya kusifu wala kukejeli chama cha watu. Tunasema mwananchi wa huku anajua kumpa mtu, na anajua kumnyang'anya.

Kwa hiyo udogo wa chama si mzaha. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inataka wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, ikiwemo Unguja na Pemba. Zidisheni: watu 2,000. Chama kinaweza kutimiza idadi hiyo, kikapata usajili wa kudumu, kisha kikalala hadi msimu wa uchaguzi. Mzaha ni hapo: chama kina bendera, lakini hakina mkutano, hakina daftari, hakina mtu wa kumuuliza.

Na sisi je? Tuseme ukweli mbele yenu. Daftari letu la ada halijaandikwa kitu kwa miezi mitatu. Kosa hilo ni letu viongozi, si la wanachama. Kuna mama humu ametoa ada yake kwenye fedha ya maharage, na stakabadhi hajapewa mpaka leo. Tukimletea mama huyo mgombea wa kuchekesha, tutakuwa tumemcheka yeye. Anayetupigia kura kijijini anajulikana kwa majirani zake. Akiulizwa, "mtu wenu yuko wapi, barabara imekatika?", asikose jibu kwa sababu yetu.

Kamati inapendekeza haya:

1. Jina lisiandikwe kwenye fomu mpaka mhusika asimame mbele ya wanachama wa kata hiyo, aulizwe na ajibu. Kijana mchekeshaji naye akitaka kweli, aje aulizwe kama wengine. Kuchekesha si kosa.

2. Kata isiyo na mtu tuiache wazi safari hii, tuanze kujenga tawi huko. Nafasi tupu ina heshima kuliko jina la uongo.

3. Daftari la ada litasomwa kwa sauti kila mkutano wa mwezi, mapato na matumizi. Stakabadhi za nyuma zitatolewa kabla ya mkutano ujao.

4. Video za kuwakejeli wagombea wa vyama vingine zisirushwe humu kwenye kundi.

Kura ya mapendekezo haya ni mkutano ujao, kwa kunyoosha mikono. Anayepinga aje apinge mbele ya wenzake, atasikilizwa.



*Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati*