Kompresa ya gari yetu: tununue mpya ao tutengeneze hii?

(Maneno yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama, Kisangani)



Komite iliniomba niseme kidogo juu ya kompresa, ile mashine ya kupompa hewa iliyofungwa chini ya kapo ya gari yetu. Kwenye ajenda kuna pendekezo: tuitoe, tununue ingine kubwa yenye nguvu zaidi. Kuna rafiki wa shirika aliyekubali kulipa. Tunamshukuru sana. Lakini mbele ya kupiga kura, naomba mnisikilize.

Wengine watauliza: kompresa inatuhusu nini, sisi watu wa kurudi kwenye mashamba? Inatuhusu sana. Wengi wetu tulikimbia Lubunga na barabara ya Ubundu tangu mapigano ya 2023. Sasa familia zinarudi kidogo kidogo, Lula, Biaro na mbele zaidi. Gari inapeleka mbegu na mabati, inarudisha mihogo, na siku zingine inarudisha mgonjwa. Na hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta, hakuna mwezi usio na mvua. Udongo mwekundu ukilowa unakuwa kama sabuni.

Kila shofa wa njia hiyo anajua dawa ya kwanza ya matope: toa hewa. Kwa barabara ngumu mipira yetu inakaa na kilo tatu, kama tunavyosema kwa kwado. Ukishuka mpaka kilo mbili, mpira unatandaza mguu wake, unashika udongo, gari inapita polepole bila kuchimba shimo. Lakini ukitoka kwenye matope lazima urudishe hewa. Ukikimbia na kilo mbili kwa barabara ngumu, mpira unapata moto, na ule mpira wa ndani unaanza kuzunguka peke yake mpaka unakata valvu. Hapo umepoteza mpira na saa mbili za safari.

Sasa sikieni jambo ambalo njo kiini cha maneno yangu. Kompresa mbaya inatuumiza hata mbele ya kuharibika. Shofa asiyeiamini hatoi hewa. Anajiambia: nikitoa, nani atanirudishia huku porini? Basi anaingia matope na kilo zake tatu, na gari inakaa. Njo vile ilivyotokea mwezi wa kumi na moja. Kompresa ilikuwa inafanya kazi ile siku, lakini hakuna mutu aliyekuwa na uhakika nayo. Gari ililala njiani, na mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa alibebwa kwa tipoyi usiku kucha. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto ni wazima. Lakini tusingojee mara ya pili.

Kwa hiyo swali la leo ni hili: kompresa gani shofa ataiamini? Nguvu peke yake haileti imani.

Tufanye hesabu. Mpira wetu wa 7.50-16 unabeba karibu lita 60 za hewa. Kutoka kilo mbili mpaka tatu unahitaji lita 60 zingine. Mashine inayotoa lita 30 kwa dakika itamaliza mpira moja kwa dakika mbili, na yote minne kwa dakika nane. Ni muda wa kutosha kunywa maji. Hatuhitaji mashine ya ajabu.

Mwezi uliopita tulipima ya kwetu na saa ya telefone. Mpira moja ulichukua dakika tano na nusu. Watu wakasema: imekufa. Jumamosi tukaipeleka kwa fundi kwado moja hapa mjini, akaifungua mbele yetu. Filtri ilikuwa imejaa vumbi kama udongo wa kuta za nyumba. Akapaka maji ya sabuni kwenye rakori ya tiyo: mapovu yakatoka, hewa ilikuwa inakimbilia pale. Na waya uliokamata kwa batri ulikuwa na kutu ya kijani. Akasafisha, akabadilisha pete ndogo ya mpira, akakaza waya. Tukapima tena: dakika tatu kasoro. Kilichobaki ni pete ya pistoni, imechakaa. Hiyo njo ya kununua.

Mara zingine mashine inasimama yenyewe katikati ya kazi. Msiipige wala msiitupe. Ndani yake kuna kinga ya joto: ikipata moto sana inajizima, ikipoa inaamka. Iache ipumue. Tena, motere ya gari iwe inawaka, na waya ukamatwe kwa batri yenyewe. Lile tundu la kuwashia sigara halina nguvu ya kutosha, fuzi yake itaungua tu. Na naomba sana, hakuna mutu kutia mafuta ndani ya pistoni. Mashine ya aina hii inafanya kazi kavu. Mafuta yanakamata vumbi, na vumbi linakula pete.

Ile kubwa inayopendekezwa ni nzuri, sikatai. Lakini inakula moto mwingi wa batri, na batri yetu imezeeka. Tena imefungwa kabisa. Ikikataa, hapa Kisangani hakuna atakayeifungua, na vipuri vyake vitangoja ndege. Mashine ndogo ambayo kwado wa hapa anaifungua na bisibisi, na kuifunga siku ile ile, njo shofa ataiamini.

Basi naomba mkutano ukubali mambo manne. Kwanza, makuta ya rafiki yetu, akikubali, yanunue pete za pistoni, filtri mbili, tiyo moja, rakori na fuzi, na yanayobaki yaende kwa batri mpya. Pili, mutu mmoja mwenye jina apewe kazi ya kuiangalia, aikague kila mwezi. Tatu, kila mwezi apime mpira moja kutoka kilo mbili mpaka tatu, aandike dakika ndani ya daftari la gari. Dakika zikipanda, tutajua mapema, tukiwa bado hapa mjini. Nne, pompi ya mguu isitoke ndani ya gari hata siku moja. Inachosha, lakini haihitaji batri.

Na kama pete za pistoni hazitapatikana, nitakuwa wa kwanza kusema tununue mpya. Paka tuchague ile inayofunguka.

Marafiki mnaotusaidia, msione kama tunakataa zawadi. Tunaomba zawadi ambayo mikono ya hapa inaweza kuitunza. Mvua haitatungojea, na kuna familia zinazohesabu siku za kurudi kwao.